Usishindane Bei na Mwenye Kisima Kifupi



Leo tuongelee mafuta. Sio ya kupikia, nasema haya ya petroli na dizeli. Najua kuna mtu ameshaanza kunung'unika: "Mafuta ya Waarabu na mimi ninayeuza magauni WhatsApp wapi na wapi?" Nivumilie kidogo, tutafika.

Kuna ushauri mmoja naukuta kwenye karibu kila kundi la wafanyabiashara wadogo: "Wateja hawaji? Shusha bei." Na mdogo wake: "Weka delivari bure." Mimi msimamo wangu ni kwamba ushauri huo, ukiufuata bila kujua gharama zako, unakula mtaji kimyakimya. Na biashara inayoonyesha jambo hili wazi kuliko zote ni ya mafuta. Kwa nini? Kwa sababu mafuta ghafi ya huku na ya kule hayatofautiani sana, bei yake inatangazwa dunia nzima, lakini gharama ya kuyatoa ardhini inatofautiana vibaya mno.

Nianze na kisa changu mwenyewe, maana ada ya somo hili nililipa.

KISA CHA MASHUKA

Niliwahi kuuza mashuka mtandaoni. Nanunua Kariakoo shuka moja 18,000, nauza 25,000, delivari bure ndani ya Dar. Kichwani kwangu faida ilikuwa 7,000. Nikawa najiona bosi.

Akatokea muuzaji mwingine, mashuka yaleyale, rangi zilezile, hadi picha zinafanana. Yeye anauza 22,000. Wateja wangu wakaanza kunitumia picha zake: "Mbona huku ni 22?" Nikapandwa na hasira. Nikasema hanitoi sokoni huyu. Nikashusha hadi 22,000, delivari bure ileile. Nikajipa moyo kwamba bado nabaki na 4,000 kwa kila shuka.

Miezi mitatu oda zilikuwa nyingi mpaka nachanganyikiwa. Simu hailali. Lakini kila nikienda kufunga mzigo mpya, pesa haitoshi. Mwezi wa nne nikakosa kodi ya nyumba. Nauza sana na sina hela! Nikaona nimelogwa. Hakuna aliyeniloga, nilikuwa sijui hesabu.

Baadaye ndio nikaja kujua kwamba yule mwenzangu alikuwa analeta mzigo mwenyewe kutoka China kwa marobota. Shuka lilelile ninalonunua 18,000, yeye lilikuwa linamfikia kwa bei ya chini sana. Mimi nilikuwa napigana na mtu ambaye kisima chake ni kifupi. Anainama, anachota. Mimi nashusha kamba mita hamsini, halafu nauza maji kwa bei yake.

Sasa twende kwenye mafuta.

VISIMA HAVILINGANI

Saudi Arabia kuna eneo la mafuta linaitwa Ghawar. Liligunduliwa mwaka 1948, lina urefu wa kama kilomita 280, liko nchi kavu, na limetoa mafuta tangu miaka ya 1950 mwanzoni. Ndilo eneo kubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Ukishachimba kisima pale, mafuta yanakuja kwa wingi na kwa miaka mingi.

Mwaka 2019 kampuni ya Saudi Aramco ilipokuwa inauza hati fungani, ilibidi ifungue daftari lake kwa wawekezaji. Ikaonekana kwamba mwaka 2018 gharama yake ya kutoa pipa moja ardhini, ukihesabu mafuta na gesi pamoja, ilikuwa wastani wa dola 2.80. Pipa moja ni lita 159. Yaani lita 159 kwa bei ya soda chache! Ukiongeza pesa ya kuwekeza kwenye visima na mitambo, unaongeza kama dola 4.70 nyingine.

Sasa nenda Alberta, Canada. Kule mafuta ni mazito kama lami, yamegandamana na mchanga. Mengine yanachimbwa kama mgodi, udongo unabebwa na malori makubwa. Mengine inabidi wapige mvuke wa moto chini ya ardhi mpaka yalainike ndio yatoke.

Nenda Brazil. Kuna mafuta yako chini ya bahari yenye kina cha zaidi ya mita 2,000, na ukishafika sakafu ya bahari bado kuna tabaka nene la chumvi la kutoboa.

Nenda Texas, Marekani. Kule mafuta yamejificha ndani ya mwamba mgumu. Wanachimba kwenda chini, halafu bomba linakata kona na kwenda ubavu, kisha wanasukuma maji na mchanga kwa nguvu mpaka mwamba unapasuka. Na kisima cha namna hiyo kinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji wake ndani ya mwaka wa kwanza. Inabidi uchimbe kingine. Ni kama bidhaa iliyotrendi: wiki mbili unauza kama karanga, mwezi unaofuata hakuna anayeiulizia, unatafuta nyingine.

Na hata hapa kwetu somo lipo. Uganda waligundua mafuta karibu na Ziwa Albert mwaka 2006. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022, miaka 16 baadaye. Moja ya sababu ni safari. Mafuta yale yana nta, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lake la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lazima liwe la kupashwa moto njia nzima. Kenya nao, mwaka 2018, walianza kwa majaribio kubeba mafuta ghafi ya Turkana kwa malori hadi Mombasa. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa kama 200,000. Kutoa mafuta ardhini ni jambo moja, kuyafikisha kwa mnunuzi ni jambo jingine kabisa. Anayeuza mtandaoni haitaji kuelezwa hilo mara mbili. Delivari ndio bomba letu.

SASA BEI ANAPANGA NANI?

Hapa watu wengi wanakosea. Mtu anauliza: kama pipa linatoka ardhini kwa dola 3, kwa nini linauzwa kwa bei kubwa mara nyingi kuliko hiyo? Si wizi huo?

Fikiria nyanya. Zikiwa nyingi karibu na mji, bei iko chini. Zikiadimika, mji bado unataka kula, inabidi zitoke mbali. Mwenye shamba la mbali hawezi kuleta tenga kwa bei ya jana, nauli tu inammaliza. Kwa hiyo bei inapanda mpaka pale ambapo na yeye inamlipa kuleta. Na ikishapanda, unadhani mwenye shamba la karibu atauza kwa bei yake ya zamani? Thubutu. Anauza kwa bei mpya, tofauti anaweka mfukoni.

Mafuta ni hivyohivyo. Dunia inatumia kama mapipa milioni 100 kwa siku. Saudi Arabia inatoa kama milioni 10 hivi. Hayo mengine lazima yatoke kwa wengine, wakiwemo wa mvuke, wa chini ya bahari na wa kupasua miamba. Kwa muda mrefu, bei haiwezi kukaa chini ya gharama ya yule wa mwisho anayehitajika. Akifunga, mafuta yanapungua, bei inapanda tena.

Kwa hiyo bei ya soko haijali gharama yako wewe. Inamfuata muuzaji wa mwisho ambaye soko bado linamhitaji. Kama wewe ndiye uliye na gharama kubwa kuliko wote, na soko likajaa, wewe ndiye wa kwanza kutoka. Hakuna anayekuchukia. Ni hesabu tu.

VITA YA BEI YA 2014

Sasa sikiliza hii, ndio kiini cha posti ya leo.

Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 110. Wamarekani wa kupasua miamba walikuwa wanaongeza mafuta sokoni kila mwezi. Bei ikaanza kuteremka. Tarehe 27 Novemba 2014, nchi za OPEC, ule umoja wa nchi zinazouza mafuta nje, zikakaa Vienna. Watu walitegemea wapunguze uzalishaji ili bei ipande. Saudi Arabia, chini ya waziri wake wa mafuta Ali al-Naimi, ikakataa. Hoja yake ukiisikia ina mantiki: kwa nini mwenye gharama ndogo apunguze ili mwenye gharama kubwa aendelee kupumua? Acha bei ishuke, wenye visima virefu watatoka wenyewe.

Bei ikaporomoka kweli. Januari 2016 pipa lilikuwa chini ya dola 30. Marekani, mitambo ya kuchimba mafuta iliyokuwa kazini ilikuwa zaidi ya 1,600 Oktoba 2014. Mei 2016 ilibaki kama 320. Zaidi ya kampuni 100 za uchimbaji za Amerika Kaskazini zilifilisika kati ya 2015 na 2016.

Ungesema Msaudi kashinda, si ndio? Kila pipa aliuza kwa faida hata kwenye dola 30.

Lakini angalia nyumbani kwake. Mwaka 2015 serikali ya Saudi Arabia ilikuwa na nakisi ya bajeti ya kama dola bilioni 98. Akiba yake ya fedha za kigeni, iliyokuwa zaidi ya dola bilioni 730 mwaka 2014, ilishuka hadi karibu bilioni 500 kufikia mwisho wa 2017. Mwisho wa 2015 walipandisha bei ya petroli kwa wananchi wao wenyewe. Septemba 2016 mishahara ya mawaziri ikakatwa asilimia 20. Na Novemba 2016 OPEC ikarudi palepale ilipokataa: ikakubali kupunguza uzalishaji, safari hii na Urusi ikaungana nao.

Mwenye mafuta ya bei rahisi duniani alishindwa kuendelea na vita ya bei! Kwa nini? Kwa sababu alikuwa na gharama ya tatu, ambayo haiko kisimani.

GHARAMA TATU

Kila muuza mafuta ana gharama za aina tatu. Na wewe unazo hizohizo.

Gharama ya 1: kutoa pipa leo. Kisima kimeshachimbwa, mtambo upo, unalipa umeme, mafundi na matengenezo. Hiyo ndio ile dola 2.80. Kwako wewe ni bei ya kununulia mzigo. Wengi wetu tunaijua hii tu, tunaitoa kwenye bei ya kuuzia, tunasema hii ndio faida.

Gharama ya 2: vyote vinavyofanya pipa lifike sokoni. Kutafuta mafuta, kuchimba, mabomba, matangi, meli. Kwako ni bando, mfuko wa kufungashia, boda, makato ya kutolea pesa, mzigo unaorudishwa na ule unaoharibika.

Gharama ya 3: nyumba inayokula kutokana na kisima hicho. Saudi Arabia inalipa hospitali, shule, mishahara ya serikali na ruzuku kwa pesa ya mafuta. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mara kadhaa limekadiria kwamba ili bajeti ya Saudi Arabia isimame bila kukopa, pipa linatakiwa liwe zaidi ya dola 80. Soma tena. Kisimani, mwaka 2018, ilikuwa chini ya dola 3. Nyumbani ni zaidi ya 80. Kwako ni kodi ya nyumba, chakula, ada za watoto, na ile ya "mama ameumwa, tuma chochote".

Sasa turudi kwenye mashuka yangu. Nilipokaa na daftari, kila shuka lilikuwa hivi:

Kununua: 18,000
Mfuko: 500
Bando: 500
Boda: 3,000
Makato: 600
Ya kufidia yanayorudi na kuharibika: 700

Jumla 23,300. Kwa hiyo nilipouza 25,000 faida haikuwa 7,000, ilikuwa 1,700. Na niliposhusha hadi 22,000 sikuwa napata 4,000. Nilikuwa natoa 1,300 yangu mfukoni kila mteja akiniambia "asante, mzigo nimepata". Oda zikiongezeka, hasara inaongezeka. Ndio maana simu haikulala na pesa haikuwepo!

Halafu gharama ya tatu. Nyumba yangu ilikuwa inahitaji kama 600,000 kwa mwezi na nilikuwa nauza mashuka 60. Gawa: kila shuka lilitakiwa libebe 10,000 ya nyumbani. Jumla 33,300. Bei yangu ya kusimama ilikuwa 33,300 na mimi nauza 22,000. Na hata ile 25,000 ya mwanzo ilikuwa inanipeleka kulekule, ila taratibu.

Msaudi alikuwa na akiba ya mabilioni ya kumshikilia wakati anavuja. Wewe una nini? Una mtaji, na mtaji ukishaliwa, biashara imekwisha.

"LAKINI WAMAREKANI SI WALIRUDI?"

Swali zuri. Walirudi. Mwaka 2018 Marekani ikawa nchi inayotoa mafuta ghafi mengi kuliko zote duniani, ikapita Saudi Arabia na Urusi. Walewale waliotakiwa kufa.

Siri yao haikuwa bei, maana bei hawapangi wao. Waliobaki walishusha gharama. Waliacha maeneo dhaifu wakajazana kwenye yale bora, hasa Permian, kati ya Texas na New Mexico. Walichimba visima kadhaa kutoka sehemu moja ili wasihamishe mtambo kila mara. Visima vikawa virefu zaidi kwa ubavu, kwa hiyo shimo moja likatoa mafuta mengi. Wakakaa mezani na wakandarasi wao wakasema: bei imeshuka, na nyie shusheni.

Sio hadithi tamu kwa kila mtu. Wengi walifilisika na waliowekeza kwao walipoteza pesa nyingi. Lakini waliosalimika walisalimika kwa kufupisha kisima.

Na mimi ndio nilichofanya, kwa saizi yangu. Moja, nilitafuta wauzaji wenzangu watatu tukawa tunanunua robota kwa pamoja. Shuka likashuka kutoka 18,000 hadi 15,000. Mbili, niliacha delivari bure. Mteja analipa boda, ila naweka siku mbili kwa wiki za kupeleka, njia moja Mbagala, njia nyingine Ubungo na Mbezi, boda mmoja anabeba mizigo mingi, kila mteja analipia kidogo. Wapo walioondoka kwa sababu hiyo, sitakudanganya.

Hesabu mpya: 15,000 ya kununua, 2,300 ya mfuko, bando, makato na kufidia. Jumla 17,300. Nauza 25,000, bei ileile ya zamani. Inabaki 7,700, na hii ni ya kweli. Nikiuza 78 kwa mwezi, nyumba imekula na mtaji haujaguswa. Ilinichukua zaidi ya nusu mwaka kufika hapo. Na yule mwenzangu wa 22,000? Siku moja nikaona amepandisha bei mwenyewe, kimyakimya. Kumbe naye ana nyumba.

KUNA WAKATI WA KUUZA KWA HASARA?

Upo, na nisiposema hapa nitakuwa nimekudanganya.

Pesa iliyoshaingia kwenye kuchimba kisima hairudi. Ndio maana mwenye kisima anaendelea kutoa mafuta hata bei ikiwa mbaya, mradi inazidi gharama ya kila siku. Akifunga anapata sifuri. Na kuna wakati hata hiyo haiwezekani. Tarehe 20 Aprili 2020, korona imefunga dunia, magari yamepaki, matangi ya Cushing kule Oklahoma yanakaribia kujaa, mikataba ya mafuta ya Marekani ya kupokea mwezi Mei ilifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Mwenye mafuta alikuwa anamlipa mtu ayachukue, kwa sababu pa kuyaweka hakuna.

Kwa hiyo ukiwa na mzigo uliolala, magauni ya msimu uliopita, vipodozi vinavyokaribia kuisha muda, usikae unakumbuka ulinunua bei gani. Ile pesa imeshaenda. Uza hata chini ya bei ya kununulia, upate ya kuzungusha. Lakini hiyo ni kusafisha stoo. Fanya mara moja, kwa mzigo uliolala tu, na mteja ajue ni ofa ya kumaliza. Usiigeuze kuwa bei yako ya kila siku.

CHA KUFANYA WIKI HII

1. Chukua daftari, sio kichwa. Bidhaa yako inayotoka sana, andika gharama zote tatu. Usisahau makato na mizigo inayorudi.

2. Gawa matumizi ya nyumbani kwa idadi unayouza kwa mwezi. Ndio utajua bei yako ya kusimama. Ikikutisha, afadhali ikutishe leo kuliko siku ya kodi.

3. Kabla ya kumfuata mshindani kwenye bei, chunguza kisima chake. Ananunua wapi? Analeta mwenyewe? Ana duka ambalo kodi haimhusu kwa sababu nyumba ni yao? Kama ana kisima kifupi, usishindane naye kwenye bei. Shindana kwenye kujibu haraka, picha za ukweli, kubadilisha saizi bila ugomvi, kuuza seti.

4. Angalia delivari yako kila mwezi. Tanzania EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi. Kenya EPRA wanatangaza tarehe 14. Bei hizo zinafuata soko la dunia, nauli ya meli, bei ya dola na kodi. Siku hiyo pitia gharama za boda wako. Machi 2022, baada ya vita ya Ukraine kuanza, pipa lilipita dola 120. Aliyekuwa ameahidi delivari bure mwaka mzima alikuwa ameahidi kitu ambacho hakukimiliki.

5. Tafuta kitu kimoja cha kufupisha kisima chako mwezi huu. Kimoja tu. Kununua kwa pamoja, kupanga njia za boda, kupunguza makato kwa kutoa pesa mara moja badala ya mara tano.

Kuna mtu atasema mimi nawatetea wanaouza ghali. Hapana. Kama gharama yako imeshuka kweli, shusha bei, mpe mteja wako nafuu, na Mungu akubariki. Ninachokataa ni kushusha bei huku kisima kiko palepale, halafu tunaita hiyo mbinu ya biashara. Saudi Arabia, na Ghawar yake yote, iliimudu miaka miwili ikarudi mezani. Wewe na mtaji wako wa laki tano, jiulize utaimudu miezi mingapi.

Usiku wa leo, kabla ya kupandisha bei mpya kwenye status, andika hizo gharama tatu. Halafu njoo kwenye komenti uniambie: bei yako ya kusimama ni ngapi, na unauza ngapi? Usione aibu, wengi wetu hapa tumeshauza kwa hasara huku tunacheka.